Nati za Kifaru, Mkono wa Mamba

Hapo zamani za kale, watoto, wanyama walikuwa wakiunda magari. Msiniulize petroli waliitoa wapi. Mimi niliuliza nilipokuwa mdogo kama nyinyi, nikafukuzwa jikoni.

Bwana Kifaru alikuwa na karakana yake juu ya mlima. Magari yake yalikuwa mapana, mazito, na ukikaa ndani unasinzia. Mzee Mamba naye alikuwa na karakana ng'ambo ya mto. Magari yake yalikuwa ya chini chini, na injini zake hazikujua kukohoa. Siku moja wakapeana mikono.

"Kuanzia leo sisi ni kitu kimoja," akasema Mamba. "Sawa kwa sawa, ndugu yangu."

"Sawa kwa sawa!" akajibu Kifaru. Akapewa kiti kikubwa cha kuzunguka, akakikalia, akazunguka wee mpaka akaona kizunguzungu. Akaridhika kabisa.

Basi gari likawa moja, likiundwa kule juu kwa Kifaru. Injini ya Mamba, bodi ya Kifaru. Magurudumu ya Kifaru, na nati zake pia. Hapo ndipo mafundi walipopata tabu. Nati za Kifaru hukazwa kwa kuzungusha kulia. Kwa Mamba, tangu enzi za babu zake, nati hukazwa kwa kuzungusha kushoto. Ikawa vurugu! Huyu anakaza, kumbe analegeza. Wakagombana, wakachekana, mwisho wakazoea. Mzee Mamba tu ndiye hakuzoea, kwa sababu tangu awe mkubwa hakushika spana. Kazi yake ilikuwa kupita na kutazama.

"Jeki mbili za nini?" akauliza siku moja. "Kazi moja, vitu viwili! Kimoja ni cha ziada."

Chubwi! Jeki ikatupwa mtoni kule bondeni.

Mafundi wakacheka. Mamba hakucheka. Alikuwa sasa anawatazama wao.

"Wapaka rangi," akasema taratibu. "Namwona Kenge wangu, halafu namwona Kanga. Kanga, twende ukanipangie vipuri kwenye stoo ya mtoni."

Kanga akavua aproni. "Pimbi, niwekee uji wangu," akamwambia rafiki yake, "nakuja sasa hivi."

Ngurrr, gari likateremka. Liliporudi, Mamba alikuwa peke yake, anapiga miayo ya shibe. Uji wa Kanga ukapoa, ukaganda, ukafanya ngozi juu. Pimbi akautazama, akatazama njia ya mtoni.

Kesho yake akaitwa Digidigi. Naye hakurudi. Pimbi akaenda kwa Kifaru mbio mbio.

"Bwana, Kanga yuko wapi?"

"Amehamishiwa stoo."

"Na Digidigi?"

"Stoo vilevile."

"Bwana, hiyo stoo ina mlango wa kutokea?"

"Wee Pimbi!" akafoka Kifaru, kiti kikalia kwii. "Usinivurugie undugu wangu!"

Kuanzia hapo hakuna aliyeuliza. Karakana nzima ilifanya kazi kimya, kila mmoja akimtazama jirani yake kwa wizi, akijiuliza ni nani mwingine anayefanya kazi kama yangu. Jamani, ile ni hofu mbaya. Inakufanya umchukie hata mwenzako aliyekukopesha chumvi.

Asubuhi moja kivuli kirefu kikamfunika Pimbi.

"Wafunga magurudumu," akasema Mamba. "Namwona Kobe wangu, halafu nakuona wewe. Panda gari, Pimbi."

Pimbi akapanda. Angefanyaje? Gari likaanza kuteremka, ngurrr, ngurrr, na huko chini akaliona paa la stoo, na nyuma yake mto. Meno yake yakaanza kugongana. Ka-ka-ka-ka!

Mamba akasikiliza. "Nini hicho kinagonga?"

Pimbi alitaka kusema ni meno yangu, Mzee, nihurumie. Lakini kauli ikageuka mdomoni.

"Gu-gurudumu, Mzee. Gurudumu la mbele. Limelegea! Nishuke nikalikaze?"

Mamba akafunga breki, kriii! Akacheka bila furaha. "Ushuke ukimbie? Mimi si mtoto. Lete spana. Nitakaza kwa mkono wangu."

Akashuka. Akashika nati ya kwanza, akazungusha, kama alivyofunzwa na baba yake, kushoto. Kach! Nati ikaachia.

"Ahaa! Kweli zilikuwa zimelegea. Tazama zinavyozunguka!"

"Zungusha zaidi, Mzee!" akasema Pimbi, moyo ukimdunda du-du-du. Mamba akigundua sasa, basi, habari ya Pimbi imekwisha. "Zaidi! Na ile ya pili! Na hiyo ya chini umeisahau!"

"Sijasahau kitu!" akanguruma Mamba, akazizungusha zote mpaka zikabaki zimeshikilia kwa ncha tu. Akapanda, akafuta mikono. "Hivyo ndivyo fundi anavyokaza."

Gari likashuka mbio. Kwaka! Kwaka! Kwaka! Pimbi akaangaza macho, akaona jabali kando ya njia, akajirusha. Mnajua nyayo za pimbi zinavyonata kwenye mawe. Pap! Akaganda pale.

Gurudumu likachomoka, likawapita likijiviringisha lenyewe. Gari likapinduka, bu! bu! bu! na ile bodi nzito ya Kifaru ikamlalia Mamba mkiani na mgongoni.

Pimbi akashuka kwenye jabali. Hakwenda kwa Mamba. Alikwenda stoo kwanza, akasukuma mlango. Vipuri havikuwamo. Kulikuwa na manyoya ya madoadoa na kwato ndogo nne. Pimbi akalia pale mlangoni, akalia sana.

"Pimbi!" Sauti ya Mamba ikamfikia. "Pimbi, mwanangu, nalemewa! Lete jeki!"

Pimbi akafuta machozi. "Jeki zilikuwa mbili, Mzee. Moja iko karakana, kule juu mlimani. Na moja, ile ya ziada, uliitupa mtoni."

Mamba akaparura udongo kwa kucha, bodi haikusogea.

Pimbi akapanda mlima polepole, mkononi ana unyoya mmoja. Akamkuta Kifaru kwenye kiti chake.

"Umerudi! Na ndugu yangu yuko wapi?"

"Nimemwacha chini ya gari, Bwana."

"Chini ya gari? Mwenyewe?" Kifaru akapiga meza kwa furaha. "Hee, fundi kweli kweli yule! Basi asisumbuliwe."

"Hatutamsumbua," akasema Pimbi. Akaenda akaumwaga ule uji uliokuwa umeganda, akaosha bakuli, akatia unyoya ndani yake, akarudi kazini.

Nami hadithi naiacha hapo mlangoni mwa karakana, watoto, na maana yake ni hii: anayewahesabu wenzake kuwa wa ziada, siku akilemewa hapati wa kumwinua.