Ukurutu Nyuma ya Jiko

Ndugu zangu, huko mlimani aliishi mama mmoja ambaye uwanja wake ulisifika kwa usafi. Kila Jumamosi alifagia, kisha akashika jembe na kukwangua udongo mpaka ukabaki mwekundu, mtupu. Mnatabasamu? Akina mama kama huyo wapo humu kanisani, nawajua.

Lakini kila masika uwanja ule ulikwenda na maji. Mwaka huo korongo lililoachwa na maji hayo lilikuwa limebakiza hatua mbili kufika ukutani, na mama hakuwa na pa kuhamia. Hofu ikamzidi, naye akazidi kukwangua. Angefanya nini kingine?

Siku moja akaja mtaalamu wa mimea, kijana mpole, akaomba kuzunguka nyumba. Mama akaona haya. Nyuma ya jiko hakuwa amepagusa miaka mitatu, na udongo wa huko ulikuwa umeota ukurutu wa kijivu.

"Mwanangu, huko kuchafu. Nisamehe, goti hili linaniuma, sifiki huko."

Kijana alikuwa ameshainama na lenzi yake. Akadondosha tone la maji, kijivu kikageuka kijani. Akadondosha tone la dawa ya kupimia ukingoni, pakawa pekundu. Akalinganisha na picha za daftari lake.

"Mama, huu si uchafu. Ni kuvu na mwani mdogo usioonekana kwa macho, vinavyoishi pamoja kama kiumbe kimoja. Aina hii ni ya hapa hapa kwetu, na ni adimu. Nimeitafuta mlima mzima."

"Ina faida gani?"

"Tazama udongo wake."

Mama akatazama. Mvua zilezile zilizokula mbele ya nyumba zilikuwa zimepita hapa, na udongo haukuwa umesogea. Machozi yakamtoka.

"Niupande vipi, uenee?"

"Haupandwi, mama. Unaota polepole. Wewe weka jembe chini tu."

Mmeona? Mahali alipopaonea aibu ndipo palipomshikia nyumba. Na lile korongo alikuwa akilichimba mwenyewe, kila Jumamosi, kwa bidii yake ya usafi.

Na sisi? Yule dada aliyerudi kanisani baada ya miaka mingi, nani alimkagua mavazi juu hadi chini? Nani alimwambia kiti kile kina mwenyewe? Hakuonekana tena. Juzi nilikwenda kwake, nikaambiwa hayupo. Ndugu zangu, alikuwa kwa mzee wetu aliyepooza, anamwogesha. Kila asubuhi ni yeye, wakati sisi tunamwombea mzee huyo kutoka hapa. Dada huyo amekubali kuja tena Jumapili ijayo. Akiingia, mwacheni akae anapotaka.