Kila Chenye Marisau ya Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Ziwalemba, alitawala Sultani Badrani, mpenzi wa kuwinda ndege kwa marisau, vile vipunje vya risasi, madini yenye sumu, vinavyotapakaa bunduki ikilia. Shabaha yake, Mungu amsamehe, ilikuwa mbovu. Vipunje vilivyokosa ndege vikazama ziwani, bata wakavidonoa wakidhani ni mbegu, wakafa. Tumbusi wakala mizoga ya bata, nao wakafa. Ikawa mji mzima unanuka.

Basi fukara mmoja aitwaye Vuai, hana mbele wala nyuma, akabeba bata mfu hadi barazani, akampasua, akaonyesha vipunje tumboni.

Sultani akawaka. "Marisau hayo ni yangu, basi na bata ni wangu, nawe umeniibia. Niletee kila kiumbe chenye marisau yangu tumboni. Kikisalia hata kimoja, nitakukata kichwa."

Vuai akainama. "Amri yako i juu ya kichwa changu, bwana, maadamu ningali nacho."

Akaazima mkokoteni, akazoa bata, akazoa tumbusi, na fisi aliyekula tumbusi, akawapanga wote katika ghala la Sultani, kando ya mchele. Wapishi wakatoroka. Sultani akaja na waziri na kadhi, ameziba pua kwa ncha ya kilemba.

"Vimetimia?"

"Bado kimoja, bwana wangu."

"Basi umekwisha. Ki wapi?"

"Kimesimama mbele yangu. Juzi karamuni nilikuwa nimeshika birika la kunawishia wageni. Ulipotafuna kanga uliyemwinda, jino likagonga kipunje, ukaona haya kukitema, ukakimeza." Akaufungua mlango wa ghala wazi kabisa. "Tafadhali ingia, nisije nikaasi amri yako."

Sultani akashika tumbo. "Kimoja chaua?"

"Sijui, bwana. Bata naye alianza na kimoja."

Sultani akageuka amwombe waziri shauri, asimwone. Waziri alikwisha kuingia ghalani, ameketi kati ya tumbusi wawili, miguu ameikunja kwa adabu, maana naye alikula kanga yule, tena mapaja yote mawili. Kadhi alikuwa mlangoni akivua viatu.

Hapo Sultani akacheka hata kilemba kikaanguka, akalia kidogo pia, kwa hofu. Akapiga marufuku marisau ya risasi, na mwenye kuwinda awinde kwa vipunje vya chuma. Vuai akatunukiwa kanzu mpya; akaivaa palepale mbele ya watu, na kichwa chake kikapita shingoni mwa kanzu bila taabu.