Pimbi Aliyeogopa Dagaa

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majiko, vyungu na majirani wa kugombana nao, palikuwa na nchi kavu yenye mawe ambako kila mtu alilima zabibu. Nikisema kila mtu, namaanisha kila mnyama, maana siku hizo wao ndio waliokuwa watu.

Juu kwenye mteremko wa majabali aliishi Pimbi mmoja, jina lake Nyemo. Alikuwa mama mwenye umbo dogo, mwepesi wa miguu, mwenye pua isiyotulia. Mizabibu yake ilikuwa michache, imejishikilia katikati ya mawe, na kwa zabibu zake alitengeneza mvinyo mweupe, mwepesi, mkali kidogo kama ndimu. Aliuuza kwa vibuyu, kwa bei ya watu wote. Hata Kobe, aliyerudi kutoka shambani mikono mitupu siku nyingi kuliko zote, hakukosa cha kumpa ili apate kibuyu chake.

Chini bondeni alikaa Bwana Nyati. Mashamba yake yalienea mpaka jicho lichoke kuyatazama. Mvinyo wake ulikuwa mwekundu, mzito, umelala miaka ndani ya mapipa, na aliwauzia wakubwa tu. Hata hivyo hakuridhika. Chemchemi pekee isiyokauka wakati wa kiangazi ilikuwa kule juu, kwenye mteremko wa Nyemo, naye aliitaka.

Asubuhi moja alipanda, puu, puu, puu, mpaka mlangoni kwa Nyemo, akabisha hodi kwa pembe.

"Karibu, Bwana Nyati. Keti upoe."

"Sikai. Nimekushtaki kwa Bi Ndovu, mkuu wa baraza. Hicho kimvinyo chako kinatuaibisha. Wageni wakikionja watasema nchi nzima tunatengeneza siki."

"Wateja wangu hawajalalamika," alisema Nyemo.

"Wateja wako ni kina Kobe na Kanga. Wanajua nini hao? Siku ya gulio, baraza litaonja mvinyo wako na wangu. Yule ambaye mvinyo wake utatemwa, atahama na kumwachia mwenziwe shamba. Nimemsumbua Bi Ndovu mpaka amekubali. Na usipokuja, umeshindwa."

Akageuka, akashuka, puu, puu, puu.

Nyemo alikaa juu ya jiwe. Akihama, watoto wake watakunywa maji wapi? Alifikiri, akafikiri tena, na katikati ya kufikiri likamjia jambo lililokuwa likimshangaza siku nyingi. Kobe akionja mvinyo ule mchana, juani, hukunja uso. Lakini Kobe huyo huyo akikaribishwa mezani, hunywa kibuyu kizima na kuomba kingine. Mvinyo ni ule ule, na mdomo ni ule ule. Sasa kinachobadilika ni nini?

"Ni kile alichokitafuna," Nyemo alijisemea.

Hapo hofu ikasogea pembeni kidogo, na hamu ya kujua ikachukua nafasi yake. Alikwenda kwa Fisi, mtunza mapipa wa Nyati, akampa mfupa mmoja wenye nyama nyama, naye Fisi akamkingia kibuyu kidogo cha mvinyo wa bosi wake. Kisha Nyemo akarudi nyumbani, akawasha moto na kupika kila alichokuwa nacho: ugali wa uwele, mlenda, mbavu za mbuzi za kuchoma, na dagaa wa kukaanga.

Jirani yake Kanga alisikia harufu, akaja mbio.

"Una sherehe, jirani?"

"Nina swali," alisema Nyemo. "Fungua mdomo."

Alianza na mbavu. Kanga alitafuna, akanywa mvinyo mwekundu wa Nyati, akafumba macho.

"Huu ni mzuri, Nyemo, samahani lakini ni mzuri. Umekuwa laini kabisa."

"Sasa onja wangu."

Kanga akaonja, akatazama chini. "Wako umepotea. Kama maji tu."

Nyemo aliweka kibuyu chini. Baraza likila nyama, mteremko umekwenda. Lakini alisukutua mdomo, akampa Kanga naye asukutue, kisha akasogeza sahani ya dagaa.

Dagaa na mvinyo mweupe. Kru, kru, kru, halafu funda moja la mvinyo. Kanga alitulia, akanyoosha bawa, akachukua dagaa mwingine bila kuambiwa.

"Mafuta yote yameondoka mdomoni," alisema. "Na ukali wenyewe siusikii tena. Nipe zaidi."

"Subiri. Onja wa Nyati."

Kanga alionja. Manyoya yalimsimama shingoni. "Tfu! Umenilambisha msumari wenye kutu!"

Nyemo aliujaribu mwenyewe. Kweli ilikuwa kutu, kutu tupu. Akajaribu mara ya pili na ya tatu. Hakuwa na shaka, ila hakuacha kushangaa. Dagaa walikuwa watamu. Mvinyo ule nao, muda mfupi tu uliopita, ulikuwa mtamu. Walipokutana wakaharibiana.

"Basi omba baraza lipewe dagaa," alisema Kanga.

"Nikiomba mimi, Nyati atajua kuna jambo. Inafaa aombe mwenyewe."

Kesho yake Fisi alipita kuulizia mfupa mwingine. Alimkuta Nyemo amejishika kichwa kwa mikono miwili.

"Kulikoni, mama?"

"Siku ya gulio inanitisha, ndugu yangu. Wakileta nyama, nitapambana. Wakileta mlenda, nitapambana. Lakini wakileta dagaa..." Nyemo akateremsha sauti. "Mvinyo wangu ukikutana na dagaa hauingii kooni hata kidogo. Tafadhali, usimwambie mtu."

"Mimi? Siwezi," alisema Fisi.

Akashuka bondeni kwa kasi, vumbi likabaki limesimama njiani nyuma yake.

Siku ya gulio ikafika. Wazee watatu walikaa mbele ya umati: Bi Ndovu, Twiga na Ngiri. Nyemo alileta vibuyu vyake. Nyati alileta pipa, na juu ya pipa sinia kubwa lililofunikwa.

"Wazee wasinywe na njaa," alisema Nyati. "Nimewaletea kitoweo."

Akafunua. Walikuwa dagaa, wamekaangwa, wamepanda kama kichuguu.

Nyemo alijishika mashavu. "Bwana Nyati, kwa nini dagaa? Nakuomba, hata mbavu za mbuzi."

"Dagaa," alisema Nyati. "Au unajitoa?"

Nyemo aliinamisha kichwa, wasimwone akitabasamu.

Wazee walikula, wakanywa mvinyo mweupe. Twiga alimeza, na umati mzima ukangoja ile safari ndefu ya kushuka shingoni. "Mmh," alisema mwishowe. "Niongezeeni. Vyote viwili." Ngiri alikuwa ameshajiongezea.

Kisha Nyati akafungua pipa kwa mkono wake, akawamiminia. Wakatafuna dagaa, wakanywa.

Ngiri alikimbilia majani, akaufuta ulimi. Twiga, funda lilimkwama katikati ya shingo. Bi Ndovu alinyanyua mkonga, na tfuuu, mvinyo wote ukamwagikia kifuani mwa Nyati.

"Ametia dawa," alinguruma Nyati.

"Pipa ni la nani?" aliuliza Bi Ndovu.

"Langu."

"Amelifungua nani?"

"Mimi."

"Na dagaa wamechaguliwa na nani?"

Nyati aligeukia umati. Alimtafuta Fisi kwa macho, lakini Fisi alikuwa mbali, akikimbia, akizidi kuonekana mdogo.

"Basi kwa maneno yako mwenyewe," alisema Bi Ndovu, "unahama wewe."

Nyati akakaa chini. Nyemo alimtazama, mkubwa vile, amelowa kifua, na ile furaha aliyoitarajia haikuja.

"Bi Ndovu," alisema, "mvinyo wake si mbaya. Ukinywewa pamoja na mbavu za mbuzi, unaushinda wangu. Ni dagaa tu haupatani nao. Mimi ndiye niliyemdanganya Fisi ili aje nao."

Bi Ndovu alipepea masikio yake polepole.

"Umemdanganya, ndiyo," alisema. "Lakini yeye alileta dagaa akiamini watakudhuru. Nyati, baki na bonde lako. Chemchemi ni ya Nyemo, usipande kule tena kuidai. Na siku za gulio mvinyo wako utauzwa kwa kibuyu, kwa bei anayoiweza Kobe."

Nyati alingoja mpaka watu wakaanza kutawanyika. Kisha akasogea karibu na Nyemo.

"Mbavu za mbuzi, ulisema?"

"Za kuchoma. Chumvi tu, usizidishe."

"Na kunde je?"

"Kunde sijajua bado," alisema Nyemo, na pua yake ikaanza kucheza. "Nina kunde jikoni. Lete kibuyu tujaribu."

Ndiyo hivyo, wanangu: usikiite kitu kibaya kabla hujajua kinaliwa pamoja na nini.