Aliyeitika Kando ya Ndiva

Hadithi haiiti mtu, mtu huitika.

Methali hii mmeisikia leo kwa mwalimu wenu, mlipokuwa mkibishana nani mbaya na nani mwema katika hadithi mliyosoma, na sasa mmekuja kuniuliza imetoka wapi. Kaeni. Nitawaeleza kama nilivyoelezwa na mama yangu, ambaye siku ilipotamkwa mara ya kwanza alikuwa pale, miguu yake imezama kwenye tope pamoja na wenzake. Chanzo chake ni hiki.

Kijiji cha Mbwarani, huko kwenye milima ya Upare, kiliishi kwa mfereji mmoja. Maji ya mfereji yaliingia katika ndiva, yaani bwawa lililochimbwa na mababu na kuzungushiwa ukingo wa mawe na udongo. Usiku ndiva ilijaa. Alfajiri mgawa maji alichomoa kizibo, maji yakateremka kwenye shamba la mwenye zamu. Kila ukoo ulikuwa na siku yake. Aliyefungua kizibo nje ya zamu yake alinyimwa maji msimu mzima, na hukumu hiyo haikuwa na rufaa.

Mwaka mmoja mvua za vuli hazikufika, na maji ya ndiva yakaanza kupungua. Si jua lililoyapunguza. Mgawa maji, mzee Senzota, alifika alfajiri moja akaona alama ya unyevu kwenye ukingo, kiganja kimoja juu ya maji. Juma lililofuata ikawa viganja viwili. Mtu alikuwa akifungua na kufunga.

Watu wakakosa utulivu. Wengine waliamka na jogoo wa kwanza kwenda kuchungulia ndiva, wakawakuta huko wenzao waliokuja kuchungulia, na kila mmoja akamshuku mwenzake kwa kumkuta. Mmoja alimwaga majivu kuzunguka kizibo ili anase nyayo za mwizi. Kulipopambazuka zikaonekana nyayo za nusu ya kijiji. Mama alisema hata salamu zilifupishwa siku hizo.

Hatimaye jina moja likaanza kuzunguka: Mcharo. Huyu alikuwa amehamia hapo na mkewe na watoto wao wawili, kulima kipande alichopewa na wajomba zake, kwa kuwa kwao ardhi ilikuwa imekwisha. Nyanya zake zilisimama wakati za wengine zilinyauka. Hakuna aliyekwenda kumwuliza anazitunzaje. Walizitazama kwa mbali, wakatikisa vichwa.

Aliyemtaja kwa sauti kuliko wote alikuwa Semvua, mwenyekiti wa mfereji, mtu mzima aliyeheshimiwa, ambaye ndiye aliyepanga walinzi wa usiku na kulinda pamoja nao. Alitaka Mcharo anyang'anywe zamu siku ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ambapo kijiji kizima hukusanyika kuzoa tope la ndiva. Mcharo akinyang'anywa zamu, nyanya zake zingekufa, na hakuwa na shamba jingine. Wajomba zake walisikia habari hiyo, wasimtetee.

Mbwarani palikuwa na desturi. Siku ya msaragambo, watu wakishakula makande, mgawa maji husimulia hadithi moja. Haifafanui. Huikatiza mahali apendapo, kisha huuliza nani amekosa, na anayetaka hujibu. Ni mwiko kumtaja mwanakijiji. Unasema kaka, au fisi, au mke mdogo, basi.

Siku hiyo Semvua alitaka hukumu itangulie. Senzota akamwambia kwamba hukumu haina miguu ya kukimbia, watu na wale kwanza. Wakala. Kisha akasimulia.

Ndugu wawili walipewa na baba yao mzinga mmoja. Mkubwa aliulinda usiku, mdogo aliulinda mchana. Asali ikawa inapungua. Mkubwa akaenda kwa baba yao, akasema mdogo anakula asali. Mdogo alipoulizwa, akanyamaza. Siku ya kupakua ilipofika, mzinga ukakutwa mkavu.

Hapo Senzota akafuta mdomo, akauliza nani amekosa.

Majibu yakaanza. Mmoja alisema ni mdogo, kwa sababu asiye na kosa hanyamazi. Mwingine alisema ni mkubwa, kwa sababu anayewahi kushtaki huwa amewahi na mengine. Mzee mmoja wa utani akasema asali wamekula nyuki wenyewe, mbona hakuna anayewashuku nyuki, au kwa kuwa wanauma? Watu wakacheka kidogo, wakarudi kubishana. Kadiri walivyobishana ndivyo wengi zaidi walivyoelekea kwa yule mkubwa. Mcharo alikaa pembeni akikwangua tope kwenye jembe lake.

Semvua hakuketi. Alikwenda ukingoni akarudi, akaenda tena. Mwishowe akasimama katikati yao.

"Mkubwa, mkubwa! Nyinyi mmewahi kukaa kwenye baridi mkilinda mali ya watu wote? Mnajua nyumbani kwake kuna nini? Mtu ana mgonjwa ndani, mbuzi wamekwisha kwa dawa, na mgonjwa bado hainuki. Akichovya kidole mara mbili, tatu, huo nao ni wizi?"

Ile hadithi haikuwa na baridi. Haikuwa na mgonjwa, wala dawa, wala mbuzi. Na kila aliyekuwepo alijua ni nyumba ya nani iliyokuwa na mke aliyelala kitandani tangu kiangazi, na ni zizi la nani lililobaki tupu.

"Mwenyekiti," Senzota alisema taratibu, "huyo mgonjwa umemtoa wapi? Mimi sikumtia."

Semvua akaketi palepale juu ya tope lililozolewa. Kisha akaeleza, macho yake yakiwa chini. Nyuma ya kilima alikuwa na vitalu vya kabichi ambavyo zamu yake haikuvitosha. Alitumaini kabichi zile zingempeleka mkewe hospitali. Kwa kuwa ndiye aliyepanga walinzi, alijua ni siku gani hakuna mlinzi.

Mjomba mmoja wa Mcharo akauliza, "Sasa kijana wetu ulimtaja kwa nini?"

"Mlikuwa mmeshaanza kumtaja nyinyi," alisema Semvua. "Mimi nilimalizia."

Senzota akamgeukia Mcharo, akataka kujua kama alikuwa na habari. Mcharo akasema alimwona mwenyekiti kwenye kizibo usiku mara mbili, wakati akienda chemchemi ya bondeni na ndoo zake. Maji ya ndoo hizo, na nyasi kavu alizotandaza shinani, ndivyo vilivyozishikilia nyanya.

"Umeona mara mbili ukakaa kimya, mwanangu?"

"Mgeni akimtaja mwenyeji, baba, anayehukumiwa ni mgeni."

Watu wakaanza kumsifu Senzota. Wakasema ametega mtego mzuri, ameujua ukweli tangu mwanzo. Mzee akatikisa kichwa mpaka wakanyamaza.

"Msinisifu. Semvua sikumtega, wala sikumdhania. Hadithi hii nilimwandalia Mcharo. Nilimfanya mdogo anyamaze makusudi, nikitumaini kijana ataona haya, atasema. Mimi nami nilikuwa nimeshahukumu. Hadithi haiiti mtu; mtu huitika."

Semvua alinyimwa maji msimu ule kama sheria ilivyotaka, na hakuomba ahurumiwe. Vitalu vyake vilikauka. Mkewe alibebwa kwa machela hadi hospitali, vijana wakipokezana njiani, na Mcharo alikuwa miongoni mwa waliobeba. Mama hakuniambia kama wawili hao walipatana. Alisema tu kwamba hawakukwepana.

Lakini kijiji hakikutulia upesi kama mnavyodhani. Jioni ile watu walirudi nyumbani kila mmoja akiyakumbuka maneno yake mwenyewe. Mama yangu naye alikuwa amejibu. Kwa miaka mingi hakunieleza alijibu nini, na nilipomwuliza aliniambia nisonge ugali. Nilipokuwa mtu mzima ndipo aliponiambia.

"Nilisema ni yule mdogo," alisema. "Nilisema lazima kala yeye, maana ana watoto wawili wa kulisha."

Akanitazama mpaka akaona nimeelewa. Katika hadithi ya mzinga hamkuwa na mtoto hata mmoja.

Basi kesho mkirudi kubishana juu ya yule mbaya na yule mwema, someni kwanza yaliyoandikwa. Kisha msikilize yale mliyoyaongeza nyinyi. Hadithi haiiti mtu; mtu huitika.