Kindi, Kiboko na Mazabodi Yenye Taa

"Ngano, jamani, ngano!"
"Ingia ndani, kiti kipo!"
"Nimekuja na uongo!"
"Utie sukari, tunywe!"

Hapo kale, lakini si kale sana maana umeme ulikuwepo, Kindi aliishi juu ya mkuyu. Alikuwa kiumbe wa wasiwasi. Akifunga mlango, anarudi kutazama kama ameufunga. Akipata kokwa, anaigeuza, anainusa, anaigeuza tena, ndipo anaila.

Chini ya mkuyu huohuo Kiboko alikuja kila siku kujikuna mgongo. Kwaru! Kwaru! Mkuyu nao: nyiii! Kiota cha Kindi kinayumba huku, kinayumba kule, na shina lilikwisha kuanza kulala upande.

"Shikamoo, mzee Kiboko. Nyumba yangu itaanguka."

"Marahaba. Ikianguka utajenga nyingine. Mimi mgongo ninao huu mmoja tu."

Kindi akalia, akapangusa macho, akamwekea dau. Kila mmoja ajiundie kompyuta ya michezo, kisha washindane mbio za magari mbele ya wanyama wote. Kiboko akishindwa, hajikuni tena pale. Kindi akishindwa, anahama mkuyu.

"Kuanzia leo funga mizigo," alisema Kiboko, akacheka hadi maji ya mto yakaruka.

Kiboko hakujua lolote kuhusu kompyuta. Alijua jambo moja tu: Kindi huchagua kwa uangalifu. Basi akawa anamfuata nyuma dukani kwa Kakakuona, mama wa magamba aliyeuza vifaa.

Kindi akachagua kasha. Kiboko akasema, "Nipe kama la Kindi, ila langu liwe kubwa."

Kindi akachagua kadi ya picha. Kiboko akasema, "Nipe kama ya Kindi, ila yangu iwe kubwa."

Kindi akachagua prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kidude bapa chenye vijimeno vyembamba chini yake. Kiboko akasema, "Nipe kama ya Kindi, ila yangu iwe kubwa."

"Za aina hii zina ukubwa mmoja, mzee," alijibu Kakakuona.

"Basi nipe hivyohivyo. Kwani nimegomba?"

Ikabaki mazabodi, ule ubao ambao vifaa vyote huchomekwa juu yake. Kindi aliwahi dukani asubuhi. Rafuni zilibaki mbili tu. Moja ilikuwa ndogo, ya kijani iliyofifia, haina urembo. Kindi akasoma maandishi ya boksi, akayarudia, akachungulia pale prosesa inapokaa. Palikuwa na vijitundu. Vijimeno vya prosesa yake vingeingia mle kama miguu kwenye soksi.

Ya pili ilikuwa kubwa, nyeusi, imejaa taa. Lakini pale prosesa inapokaa palikuwa na vijimeno, si vijitundu. Meno juu ya meno! Haiingii hata kwa maombi.

Kindi alikuwa ananyoosha mkono kuchukua ile ndogo aliposikia: Dii! Dii! Dii! Mkia ukamsimama. Kiboko akiikuta mikononi mwake ataidai, na nyingine kama hiyo hakuna. Kindi akaruka, pwa! Akaikumbatia ile kubwa yenye taa.

"Umechagua ipi?" aliuliza Kiboko mlangoni.

"Sijachagua, mzee wangu."

"Mbona umeikumbatia hiyo?"

"Ni baridi tu. Mzee, chukua ile ndogo, tafadhali. Ile ndogo inakufaa sana."

"Ndogo? Mimi? Lete hapa!" Akampokonya. "Kakakuona, nifungie mzigo!"

Kakakuona, mfanyabiashara mwenye haki, akauliza, "Mzee, prosesa yako itaingia humu?"

"Prosesa yangu ni kama ya Kindi. Yake ikiingia, na yangu inaingia."

Kakakuona akamtazama Kindi. Kindi akatazama dari.

"Haya," alisema Kakakuona, akaonyesha ukutani palipoandikwa: MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI. "Umesoma?"

"Mimi sisomi kuta."

Siku ya mashindano wanyama wakajaa chini ya mkuyu, na Kakakuona akawa mwamuzi. Kiboko akaweka prosesa yake. Haikukaa. Akaibonyeza kwa kidole. Kra! Akaibonyeza kwa ngumi. Kra-kra!

"Ina ugeni tu," alisema, akaikalia. Kraaa!

Akawasha. Taa zikawaka nyekundu, zikawaka buluu, zikazunguka kama harusi. Skrini ikabaki nyeusi.

"Mmeziona taa?" aliuliza Kiboko.

Wanyama wakasema wameziona.

Kindi naye akawasha yake. Feni ikaimba vuuu! Skrini... nyeusi tii.

"Ho! Ho! Ho!" Kiboko akaanza kuusogelea mkuyu kwa mgongo. "Na taa huna!"

Moyo wa Kindi ukapiga mbio kuliko feni. Akakagua prosesa: imekaa. Akakagua kadi ya picha: imekaa. Akahisi ametazama kila mahali, akarudia hata hivyo, maana ndiyo tabia yake. Akaingia nyuma ya kasha. Lo! Waya wa skrini ameuchomeka kwenye mazabodi badala ya kwenye kadi ya picha!

Akauchomoa, akauhamisha. Skrini ikawaka, gari likanguruma, na Kindi akakata kona mpaka mwisho huku Kiboko akiwa amerudi kuikalia kompyuta yake.

"Kindi ameshinda!" alitangaza Kakakuona.

Kiboko akabeba taa zake hadi dukani kudai arudishiwe. Kakakuona akaonyesha ukuta. Safari hii Kiboko aliusoma, herufi kwa herufi. Alipomaliza, hasira zikamfanya awashwe mgongo, akageuka akajikuna palepale. Kwaru! Kwaru! Duka likalalamika: nyiii!

Kesho yake ukutani palikuwa na mstari mpya: WALA HAPAKUNWI MGONGO.

Kwa hiyo, wanangu, mkienda kununua mazabodi, chukueni yenye taa nyingi. Maandishi ya boksi ni mapambo. Mkiulizwa maswali na muuzaji, kasirikeni. Na kitu kisipoingia, kikalieni.

Ngano nimeizima, swichi ile pale ukutani. Atakayeiwasha kwake, aangalie kwanza waya.