Shukrani Juu ya Mtama

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walifagia nyua zao na kupika uji asubuhi kama sisi, Nguchiro alikwenda kwa Bibi Tembo kuomba kazi ya kulinda ghala la mtama.

Aliitaka kazi ile kufa na kupona. Mlinzi alipewa na chumba kilichoezekwa vizuri, naye mama Nguchiro, tangu mafuriko yabomoe shimo lake, alikuwa akilala na watoto wake chini ya mgomba. Na masika ndiyo hayo yanabisha hodi!

Siku ya usaili alisimama kwenye foleni nyuma ya Nyati, akaingia wa mwisho. Bibi Tembo akamtazama juu, akamtazama chini, wala hapakuwa na mengi ya kutazama.

"Mjukuu wangu, mwizi akija utamfanya nini?"

"Nitamwona, Bibi."

"Ukishamwona?"

"Nitapiga kelele, kri-kri-kri! Kijiji kizima kitatoka mbio."

Bibi Tembo akacheka mpaka mkonga ukatikisika. "Kelele! Mimi nataka kifua. Nyati anaanza leo kwa majaribio, na jioni nitatoa jibu. Haya, nenda salama."

Nguchiro alitoka. Mnadhani alikwenda kulia? Thubutu!

"Chini ya mgomba silali tena," alijiambia. "Nimesailiwa, lazima nishukuru. Nitaandika, na barua nitaipeleka mwenyewe."

Akaokota mwiba, akaandika barua mbili: moja fupi kwenye jani pana la mgomba, nyingine ndefu kwenye jani la mwembe. Kisha huyo, mbio hadi ghalani.

Mlango ulikuwa wazi, lakini Nyati alikuwa ameuziba wote kwa mwili wake.

"Simama! Hapiti mtu hapa!"

"Shikamoo, kaka Nyati. Nimekuletea barua yako."

"Marahaba. Barua yangu? Nani wa kuniandikia mimi?"

"Mimi. Nakushukuru kwa kunipa kivuli tulipokuwa kwenye foleni."

Nyati akabaki mdomo wazi. Maisha yake yote alizoea kuambiwa toka shambani, toka kisimani. Kushukuriwa? Hata mara moja! Akalipokea lile jani, akaliinua mbele ya uso wake, akaanza kusoma kwa shida.

"M-pe... Mpe-ndwa... ka-ka..."

Jani likamfunika macho yote mawili. Chwaa! Nguchiro akapita katikati ya miguu yake.

"...u-na... ki-vu-li... ki-zu-ri..." Nyati akavuta kamasi kwa furaha. "Lo! Kumbe nina kivuli kizuri!"

Mchana Bibi Tembo akaja na kapu lake kuchota mtama. Nyati akampisha kwa heshima. Mara ukasikika mlio wa mkonga wake kutoka ndani, paaaa!

"Nyati! Nani kaingia humu?"

"Hata inzi hajapita, Bibi! Sijabanduka hapa!"

"Na hili jani juu ya mtama limejileta lenyewe?"

Akalishika kwa ncha ya mkonga, akasoma kwa sauti: "Bibi Tembo mheshimiwa, asante kwa kunisaili asubuhi. Kweli mimi sina kifua. Lakini mwizi wa ghala hagombani na mlinzi, humpita tu, kama nilivyompita mimi. Mtama wako sijaugusa. Ni mimi, Nguchiro."

"Yuko wapi huyu?"

"Niko hapa juu, Bibi," Nguchiro akajibu kutoka kwenye boriti. "Kuna tundu pale nyuma. Panya alikuja, nikamtimua."

Bibi Tembo akaenda kuangalia. Tundu lilikuwepo, na nje yake nyayo za panya aliyekimbia. Akarudi, akaliweka kapu chini.

"Mjukuu wangu," Bibi akasema, "kawalete watoto kabla mvua haijawakuta njiani."

Nguchiro akaruka chini, machozi yakimlengalenga.

"Na mimi je?" Nyati akauliza.

"Wewe njoo ulime shamba, huko kifua kinatakiwa."

"Sawa, Bibi. Lakini barua yangu simrudishii mtu!"

Jioni ile mvua ikamwagika, na watoto wa Nguchiro wakaisikiliza wakiwa wakavu katika chumba cha mlinzi, wamejikunyata kwa mama yao.

Yangu yameishia hapo, wanangu, nanyi shikeni hili: ukikataliwa kazi, rudi ushukuru, na shukrani yako ionyeshe unachokiweza.