Mtaa wa Asali na Jina Lililofichwa

Ukificha jina, umetaja mtaa.

Wajukuu zangu, mliisikia methali hii redioni jana mkaniuliza ni ya wahenga gani. Mlidhani imetoka kwa mababu waliovaa magome ya miti. Wahenga wake walivaa suruali za kitambaa na kuandika kwa taipureta, na mji wenyewe ni huu wetu wa Tabora. Kaeni niwasimulie ilikozaliwa.

Zamani kidogo palikuwa na madarasa ya jioni ya uandishi wa habari. Yalifanyika katika jengo la zamani la klabu ya wafanyakazi wa reli, lile lenye mabati mekundu. Watu walitoka kazini moja kwa moja, wengine na grisi kwenye kucha, wengine na chaki waliyofundishia watoto mchana, wakaketi kwenye madawati yaliyokuwa madogo kwao. Treni ikipiga honi, mwalimu alinyamaza mpaka ipite, kisha akaendelea pale pale alipoishia. Hakuna aliyelazimishwa kuja. Elimu ya jioni haimlazimishi mtu. Anayeifuata anaifuata kwa miguu yake mwenyewe, amechoka, na ndiyo maana haimtoki.

Mmoja wa wanafunzi hao aliitwa Mihayo, karani wa mizigo pale stesheni. Alilelewa na shangazi yake, Bi Kabula, mjane aliyeuza asali. Katika masomo yote, Mihayo alilipenda somo la sheria ya habari kama mtu apendavyo sahani ya nyumbani. Lilifundishwa na Mwalimu Therezia Kapela, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole, ambaye mchana alikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo. Aliwafundisha maana ya kashfa, haki ya mtu kujibu kabla hajaandikwa, na nguvu ya ukweli mbele ya korti. Wenzake walisinzia. Mihayo hakusinzia. Alikariri vifungu akipima magunia, akavikariri akioga, hata shangazi yake akamtania, "Baba, leo unaoa sheria au unaoga?"

Madarasa hayo yalikuwa na gazeti la ukutani. Kurasa zilipigwa taipu, zikabandikwa kwenye ubao mkubwa nje ya posta, na mji mzima ulisimama pale kusoma. Mwisho wa masomo, mwanafunzi mwenye habari bora angepelekwa Dar es Salaam, kwenye chumba cha habari cha gazeti la kila siku. Mihayo aliitaka nafasi hiyo kuliko chakula. Alikwisha kununua sanduku la nguo.

Sasa, Tabora ni mji wa asali, na asali iliuzwa kwenye mtaa mmoja mfupi. Wanawake walipanga madumu yao mbele ya milango, kila mmoja na upawa wake, na mnunuzi alionjeshwa kwenye kiganja kabla ya kununua. Huo ndio ulikuwa uaminifu wao: onja kwanza. Bi Kabula aliuza hapo. Jirani yake, mlango wa pili, alikuwa Mama Chausiku.

Siku moja Bi Kabula alimtuma Mihayo kwa Mama Chausiku kuazima faneli. Mihayo alipiga hodi, hakuitikiwa, akazunguka uani. Akamkuta Mama Chausiku ameinama juu ya sufuria kubwa ya sukari iliyochemshwa ikawa nzito, anaichota na kuimimina ndani ya dumu la asali, anakoroga.

"Karibu, baba," Mama Chausiku alisema haraka, akijifuta mikono. "Napika chai."

"Chai ya dumu, mama?"

"Ya wageni wengi," alisema, akacheka peke yake.

Mihayo alichukua faneli akaondoka. Habari ilikuwa imemwangukia mkononi kama embe.

Jioni ile alimsimulia rafiki yake Dotto, fundi wa injini, waliyekaa naye dawati moja.

"Iandike basi," Dotto alisema. "Mtaje."

"Nimtaje aniburuze kortini? Hiyo ni kashfa, bwana. Nitamthibitishia nani, na nilikuwa peke yangu?"

"Si uende ukamuulize kwanza. Anayo haki ya kujibu. Tumefundishwa."

"Nikimuuliza atamwaga ushahidi jaani kabla sijafika kwenye taipureta." Mihayo alitabasamu. "Sikiliza. Nitaandika, 'mwanamke mmoja wa Mtaa wa Asali.' Basi. Jina hakuna. Nani atakuja kulalamika? Akija, si atakuwa amejitaja mwenyewe?"

Dotto alipiga kofi dawati kwa kicheko. "Wewe si karani tena. Wewe ni wakili!"

Kwa desturi, hakuna ukurasa uliobandikwa bila Mwalimu Kapela kuupitia. Lakini wiki ile alikuwa amesafiri kusikiliza kesi vijijini, na aliyeachiwa kazi ya kupitia habari zenye hatari ya kisheria alikuwa mwanafunzi wake bora wa sheria. Yaani Mihayo. Akaipitia habari yake mwenyewe, akaiona salama kabisa, akaibandika. Kichwa chake kilisema: ASALI YETU INA SUKARI YA NANI?

Watu walijaa posta kama kwenye mnada. Mihayo alisimama nyuma yao, akasikiliza wakisoma kwa sauti, akajiona tayari yuko kwenye treni ya Dar es Salaam.

Siku zilizofuata, Mtaa wa Asali ulinyamaza. Wanunuzi walipita upande wa pili wa barabara. Kiganja hakikunyooshwa kuonja. Wasafiri wa treni waliozoea kubeba asali ya zawadi wakabeba karanga. Mihayo alipita pale akitoka kazini, akamwona shangazi yake ameketi nyuma ya dumu lililojaa, upawa umelala magotini. Asali hiyo ilitoka kwenye mizinga iliyoachwa na marehemu mumewe huko msituni, na haikuwahi kuguswa na kitu zaidi ya kitambaa cha kuchujia.

"Biashara vipi, shangazi?"

"Tunakaa tu, baba." Mihayo alikula ugali wake usiku ule bila kuinua macho.

Mwalimu Kapela aliporudi, aliusoma ubao kabla hajatua mkoba. Jioni hiyo aliingia darasani bila kuandika chochote ubaoni. Kabla hajafungua kinywa, mlango ulisukumwa. Wanawake wa Mtaa wa Asali waliingia kwa mstari, kila mmoja na dumu lake kichwani, wakayashusha juu ya meza ya mwalimu na sakafuni kuizunguka. Wa mwisho kuingia alikuwa Bi Kabula. Alitua dumu lake pamoja na mengine, akasimama, hakumtazama mpwa wake.

Msemaji wao alikuwa Bi Nyamizi, mwanamke mnene mwenye ulimi mkali.

"Shikamoo, hakimu. Tumekuja shule. Tumeambiwa hapa kuna kijana anayejua asali kuliko nyuki. Aonje basi! Atuambie mwizi ni nani. Ni mimi? Mimi nimezaa saba, sikumbuki kuzaa sukari."

Darasa lilicheka. Mihayo hakucheka.

"Na aseme leo!" alipaza sauti mwingine kutoka nyuma. "Tunachafuliwa sote!" Huyo alikuwa Mama Chausiku. Alipiga kelele kuwashinda wote, mkono kiunoni.

Mwalimu Kapela alimgeukia Mihayo. "Bwana Mihayo. Mtu akiandikwa bila jina, lakini wanaomjua wakamtambua, sheria inasemaje?"

"Amekashifiwa, mwalimu, kama vile ametajwa."

"Na kati ya hawa, wangapi wametambuliwa?"

Mihayo alitazama madumu. Alilijua lile la kwao kwa kovu la moto lililokuwa ubavuni. Alikuwa anajua jibu tangu siku alipomkuta shangazi yake nyuma ya dumu lililojaa. Alijua pia kwamba, akilisema mbele ya watu hawa, sanduku lake la nguo litabaki uvunguni. Nani atampeleka Dar es Salaam mwandishi aliyekiri kwamba aliandika kwa hila?

Akasimama.

"Wote, mwalimu. Niliona kosa la mtu mmoja kwa macho yangu. Nikaogopa kumtaja, nikaogopa hata kumuuliza. Nikauita woga wangu sheria. Nilidhani nikificha jina sijamtaja mtu. Kumbe ukificha jina, umetaja mtaa."

"Basi mtaje," Mwalimu Kapela alisema kwa upole. "Na aliyetajwa atajibu hapa hapa."

"Nilimkuta Mama Chausiku akimimina sukari ya kuchemsha kwenye dumu la asali. Mama, kama nasema uongo, nishtaki. Sikukuuliza siku ile, nakuuliza leo. Ulikuwa unafanya nini?"

Treni ilipiga honi, na kwa mazoea kila mtu akasubiri ipite. Ilipopita, mkono wa Mama Chausiku ulikuwa umeshuka kutoka kiunoni.

"Mizinga yangu ilivamiwa na siafu," alisema akiitazama sakafu. "Nilikuwa na wateja wa kudumu. Nilitaka msimu upite tu. Sukari si sumu."

"Si sumu," alijibu Bi Nyamizi, "lakini si asali, mwenzangu. Ungeniambia ningekugawia."

Mama Chausiku alilibeba dumu lake akatoka. Hakushtaki.

Habari ile iliandikwa upya. Safari hii jina lilikuwepo, na majibu ya Mama Chausiku yaliandikwa kama alivyoyasema, pamoja na siafu. Chini yake Mihayo aliwaomba radhi wanawake wa mtaa, kila mmoja kwa jina lake. Wanunuzi walirudi polepole, viganja vikanyooshwa tena. Mwaka uliofuata Mama Chausiku naye alirudi na dumu lake, akawa anawalazimisha watu kuonja mara mbili.

Nafasi ya Dar es Salaam ilimwendea Dotto. Mihayo alibaki hapa hapa, karani mchana, mwandishi jioni, mpaka nywele zikawa nyeupe. Kijana akimletea habari inayosema "duka fulani" au "kiongozi mmoja", aliirudisha akauliza tu, "Yupi? Na amesema nini?" Jengo la mabati mekundu sasa ni ghala la saruji. Honi bado inapiga, lakini hakuna mwalimu wa kuisubiri ipite.

Lakini nirudi kidogo kwenye jioni ile. Wanawake walitoka na madumu yao, wakiyarudia maneno ya Mihayo njiani, wakiyacheka, wakiyaonja kama asali ngeni. Ndivyo yalivyofika sokoni na kuwa methali. Bi Kabula alibaki nyuma mlangoni. Mihayo alimwendea.

"Shika dumu, baba," shangazi yake alisema. "Shingo imechoka."

Akalibeba mpaka nyumbani, akipita mlango kwa mlango, akimsalimia kila mama kwa jina. Maana alikwisha kujifunza, nanyi sasa mmejua: ukificha jina, umetaja mtaa.